Pression ya nani

Jumanne

…na bado bibi yangu anaamini nilitafuta tu sababu asiende soko ya Minova. Labda nusu.

Shofaji, ile mashini ya gazi ya kutia joto niliyomufungia ndani ya gari, akilala humo kule Minova asishikwe na baridi, imeandikwa ubavuni pression yake, ni kusema nguvu ya gazi: millibar 30. Detandere, kile kichwa cha kufunga kwenye chupa ya gazi kipunguze pression, ile nilinunua kwenye soko ya Nyawera, inatoa 50. Muuzaji aliniambia, "Papa, gazi ni gazi." Nikakataa kuwasha.

Bibi yangu, Maman Neema, alikuwa amekwisha pakia vitunguu vya kuuzisha.

"Iko nini tena, Papa Neema?"

"Pression haipatane."

"Pression ya nani? Ya gazi ao yako?"

Majirani wakacheka. Mimi pia, kidogo. Lakini kifua chake hakipendi baridi, na moto wa kuzidi ndani ya gari iliyofungwa… sitaki kumaliza hiyo sentensi.

Jioni nikapata detandere ya 30. Moto ukatoka bleu, mutulivu, moshi ukapita inje kwa tuyau. Maman Neema akanyoosha mikono kwenye moto, kisha akasogea pembeni ya godoro yake ya ndani ya gari, aniachie nafasi.

"Basi lala humu wewe mwenyewe, uamini."

Ninaandikia hapa hapa, ndani ya gari, kando yake. Anapumua vizuri. Godoro ni ya mutu mumoja.