Kwa Baba Watoto, Aliyemvusha Mluzi Mto

"Mwanangu, huyu kijana alipovuka mto, alikuwa na viatu?"

Hilo ndilo swali alilokuuliza jirani yetu wa mlango wa pili, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Futi, siku binti yake alipomaliza kumsomea riwaya yako ya kwanza. Alisimama mlangoni kwetu, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Wengine walikuuliza vita vilianzaje na nani alikuwa na haki. Yeye aliuliza viatu. Nawe, mume wangu, uliyekuwa na jibu la kila mtu, ulibaki umeshika kitasa.

Mwaka umetimia sasa tangu ulipotutoka, baba watoto, katika wodi ile yenye dirisha lisilofungika. Nakuandikia haya katika tangazo la gazeti, na wengine wayasome, maana wasomaji wako hawaachi kuniuliza jambo moja, na jibu lake uliniachia mimi.

Ulikuwa mpole kuliko vitabu vyako. Ulitoka jeshini na goti bovu na usingizi mwepesi, ukalinda ghala la watu miaka mingi, na mvi zilipokwisha kuingia ndipo ukaanza kuandika. Ulikaa meza ya jikoni, mgongo ukutani, uso mlangoni. Uliandika kwa penseli, kwa sababu kalamu ya wino iliwahi kukugomea handakini na hukuisamehe.

Ukimaliza ukurasa ulinisomea huku nachambua mchele. Mimi niliishia shule ya msingi, sikuwa mtu wa kukukosoa, na wewe hukuniuliza maoni. Ulinitazama vidole. Vikisimama, ukurasa ulibaki. Vikiendelea na kazi, uliguna ukafuta. "Mchele umeshinda," ulisema.

Siku uliyomuua mtu kwenye sura, hukula. Kwa hiyo kabla ya kuwasha jiko nilikuuliza, "Leo kuna kifo?" Ukajibu, "Leo wote wazima, pika." Binti yetu alizoea hata akawa anaingia kutoka kazini na kusema kwa sauti, "Mama, baba kaua?" Kuna mgeni mmoja aliaga hapohapo, chai yake hajaigusa.

Mama Futi ulimtumikia kama mama yako mzazi. Ulimbebea mtungi wa gesi ngazi zote zile na goti lako hilo. Macho yake yalipoanza kufifia, ulikwenda kwake kila asubuhi ukamtungia sindano, ukazichomeka kwenye kimto, kila moja na rangi ya uzi wake, ili ashone kutwa bila kumwomba mtu. Watu walikusifu. Mimi nilikuwa nakutazama unavyorudi, na kuna kitu hakikunikaa sawa.

Kila aliyesoma vitabu vyako anamjua Mluzi. Ni yule mpiga redio wa kikosi, mwenye pengo mbele, anayepiga mluzi kupitia pengo hilo huku akitafuta masafa. Kikosi kinaposambaratishwa mtoni, yeye anaweka redio kichwani, anaingia majini na kutokea ng'ambo, hai. Wasomaji walimpenda. Mama Futi alimtambua. Mwanawe wa pekee wa kiume alikuwa na pengo hilohilo na mluzi huohuo, na jeshi lilimpelekea taarifa kwamba hajulikani alipo.

Mlikuwa handaki moja, wewe na yeye. Tulihamia mtaa huu kwa ajili yake. Uliniambia, "Nina ujumbe wa kumpa mama mmoja." Ulivaa shati safi ukaenda kugonga. Mama akafungua, akakuona ulivyokonda, akasema, "Karibu mwanangu, umekula?" Ulirudi umeshiba.

"Umempa ujumbe?" nilikuuliza.

"Kesho."

Watoto wetu walikulia ndani ya kesho hiyo.

Baada ya lile swali la viatu, kitabu kilipochapwa mara ya pili nilisikia umeongeza sentensi. Mluzi sasa alikuwa na buti, amezifunga kwa kamba shingoni zisilowe. Mama Futi alimfanya binti yake airudie sentensi hiyo hadi akachoka. Nilipata hofu, nikakwambia.

"Baba watoto, huyu mama anadhani ni habari."

"Ni riwaya. Imeandikwa juu ya jalada."

"Yeye hakuja kuuliza habari za jalada."

"Kwani nimemdanganya? Hadithi si uongo, mke wangu."

"Sawa. Basi usimwongezee."

Ulichukua wembe ukachonga penseli ambayo ilikuwa imechongwa tayari.

Na ukamwongezea. Katika kitabu cha pili Mluzi ana kibanda cha kutengeneza redio katika mji wa ng'ambo ya mpaka, na ameoa. Kitabu hakikumaliza wiki, Mama Futi akaingia kwetu na futi mkononi.

"Mwanangu, huyo mkwe wangu ni mnene au mwembamba? Nataka kumshonea gauni."

Ulinitazama. Mimi nikatazama mchele.

"Wa kiasi, mama."

"Wa kiasi kama huyu mkeo, au wa kiasi kama mimi enzi zangu?"

"Kama wewe, mama, lakini hana maringo."

Tulicheka wote watatu. Gauni lilishonwa kweli, likatundikwa nyuma ya mlango wake.

Nilikuwa napiga magoti kila siku kumwombea Mluzi na sijui nimwombee vipi. Anaombewa kama msafiri, au anaombewa kama marehemu? Kukuuliza niliogopa, kwa jinsi ulivyokuwa unaamka unahema. Nikawa namwambia Mungu tu, Wewe unajua alipo, mfikie hukohuko.

Kisha kifua kikakulaza. Tayari ulikuwa umemnong'oneza Mama Futi kwamba katika kitabu cha tatu utamrudisha kijana nyumbani. Ukiwa kitandani uliniambia nisogee, na sauti yako ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Mluzi hakuvuka. Nilimfukia mwenyewe, upande wa huku, kwa kofia yangu ya chuma na mikono. Mwambie mama yake."

"Kwa nini hukumwambia wewe?"

"Kila nikifungua mdomo ananiita mwanangu."

Hayo ndiyo uliyoniachia. Wajane wengine huachiwa nyumba na madeni, mimi niliachiwa sentensi. Nilikwenda kwake nimepiga moyo konde, nikakuta anapapasa kimto. Nikamtungia sindano nikarudi. Nikaenda tena, nikatunga tena. Nilianza kukuelewa, mume wangu, na kukuelewa huko kulinitisha kuliko yote.

Yeye hakuacha kugonga. "Kile cha tatu kimefika wapi? Amefika mpakani?" Kila mlango ulipogongwa roho yangu ilikuwa juu. Mhariri wako naye alikuja na maneno laini, kwamba apatikane mwandishi mwingine amalizie, kwa kuwa watu wanamsubiri Mluzi. Nilimwambia yupo anayemsubiri kuliko wote, na ndiyo sababu nakataa. Hakunielewa, akaenda zake.

Mwezi uliopita tulisikia harufu ya moshi kwenye ngazi. Mama Futi alikuwa ameilaza pasi ya moto juu ya kitambaa, hakuiona, na meza ilikuwa imeshaanza kuungua. Kijana wetu ndiye aliyevunja kitasa. Binti yake akaja kumchukua wakaishi pamoja, na gari likasubiri chini. Mama akagoma. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Siendi popote. Akija atagonga kwa nani? Atamkuta mpangaji, aambiwe mama yako kahama?"

Binti yake alikaa kwenye ngazi zetu akilia. Aliniambia, "Wifi, ataungulia humo ndani kwa kusubiri. Kama kuna unalolijua, tafadhali lisemwe."

Nililala na maneno hayo na kuamka nayo. Nikaona pia kwamba siku ya tangazo hili inakaribia, na siwezi kuwajibu wasomaji wako gazetini kabla sijamjibu mwenye mtoto. Juzi, baada ya sala, nilimwita kwetu. Nilimpa kiti chenye mto.

"Umeniita kama polisi," alisema. "Kitabu kimetoka?"

"Mama, kitabu hakiji."

"Wamekikataa?"

"Mimi ndiye niliyekataa. Mama, mwanao hakuvuka mto."

Alicheka, akanipiga gotini. "Wewe hukusoma mpaka mwisho."

"Nimesomewa chote, pale mezani."

"Basi unajua alipo. Ana kibanda. Ana mke."

"Alifia upande wa huku, mama. Siku ileile."

"Kasema nani?"

"Mume wangu."

"Mume wako ndiye aliyeandika kwamba amevuka!"

"Na ndiye aliyemzika, kwa mikono yake. Aliniambia hospitalini."

Maji yalikuwa yanachuruzika bombani kwa jirani wa juu, nikayasikia yakikatika. Nilimwambia lile jingine uliloniambia, kwamba ulichagua palipoinuka ili mafuriko yasimfikie, na kwamba mlisimama kimya hapo, wewe na waliobaki, mpaka mlipoambiwa muondoke. Sijui kama alinisikia.

"Alikuwa anakuja kwangu kila asubuhi," alisema mwishowe. "Kila asubuhi, binti."

"Najua, mama."

"Anakula."

"Najua."

Sikukutetea. Nilikuwa nimeyapanga maneno, kwamba ulimpenda, kwamba ulishindwa kwa sababu ya kumpenda. Niliyaacha. Mungu na akutetee, Yeye anakujua tangu hujavaa gwanda.

Wasomaji wako sasa wamejibiwa. Kitabu cha tatu hakipo. Wakitaka kumkumbuka Mluzi, wamkumbuke kama kijana aliyekufa vitani na rafiki yake akashindwa kulisema.

Sisi tunaokukumbuka ni mimi mkeo. Mwanao dereva wa lori na mkewe. Binti yako muuguzi, ambaye hata leo huingia mlangoni amefungua mdomo kuuliza kisha akaufunga. Wajukuu wako, ambao wamegawana vipande vya penseli zako na wanavigombania. Na kaka yako fundi saa. Maadamu tunapumua, hutatoka katika sala zetu wala katika mazungumzo yetu ya mezani.

Chini ya majina haya nilitaka uwepo mstari mmoja wa kumkumbuka mwana wa Mama Futi, kwa jina alilompa yeye mwenyewe. Kuuweka bila ruhusa yake niliona si haki, kwa hiyo nilimuuliza hiyohiyo juzi, kiganja changu kikiwa juu ya chake.

"Nimwandike na marehemu, mama?"

Aliniondoa mkono taratibu, kidole kwa kidole. Akashika ukuta, akasimama, akatoka. Mstari huo sijauweka.