Mbabula Mbili Ndani ya Saloni

KITUO CHA POLISI, NCHELENGE
Maelezo ya shahidi, Jumatatu tarehe 18 Agosti 1975, yalianza kuandikwa saa tatu asubuhi

Jina: Mwewa Kalumba, kwa ubatizo Léonie
Umri: miaka 34
Kazi: mupishi
Makao: Kashikishi, kwa shangazi yake Colette. Kwao ni Kilwa, ng'ambo ya ziwa, Zaïre

Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyeniita. Nasema kwa Kiswahili mbele ya Konstebo Patson Mukuka, sababu Kibemba changu ni cha sokoni na Kiingereza sikijui.

Mnamo tarehe 10 mwezi huu nilianza kazi ya kupika kwa wiki moja katika nyumba ya wageni iliyo kando ya ziwa, kati ya Nchelenge na Kashikishi. Walioipanga ni walimu watatu wa Mansa pamoja na wake zao, walikuja kupumzika likizo. Pamoja nao alikuwa muzee Kasonde, baba ya mmoja wa wake hao, yule anayeitwa Bana Chabu, yaani mama Chabu. Watu saba, jikoni moja. Wale wanawake walisumbuana wiki nzima: huyu anasema mafuta yamezidi, yule anasema zamu yake ya kupika pamoja nami imerukwa.

Ijumaa tarehe 15, saa kumi jioni, Bana Chabu alinifuata jikoni na kipande cha karatasi. Akasema, "Kesho ndiyo siku yetu ya mwisho. Sitaki mutu apike, sitaki mutu agombane. Tunaenda Kashikishi sisi wote, tukirudi ni kupakua tu. Utaweza?"

Nikamjibu, "Nitaweza, madame. Ila bukari ya kusonga mapema haina furaha."

Akasema, "Walimu hawa bila bukari watasema hawakula." Tukacheka. Tukapanga samaki wa moshi kwa karanga, maharagwe na sombe, majani ya muhogo. Bukari, ndiyo ugali, ningeisonga mwisho, niifunge kwa nguo ndani ya kikapu isipoe.

Jumamosi tarehe 16, saa moja asubuhi, nilinunua samaki bandarini Kashikishi kwa Zéphirin, mufanyabiashara wa kwetu Kilwa. Nilichagua mmoja mmoja, nikanusa kila mmoja. Walikuwa wazuri. Mimi na Zéphirin hatupendani, ni mutu wa matusi. Lakini samaki wake ni safi.

Saa tisa mchana sufuria zote zilikuwa zimeiva. Mchuzi nilikuwa nimeuonja mara tatu, nikala na kipande cha samaki. Walimu na wake zao walikuwa wamekwisha kwenda Kashikishi. Muzee Kasonde alibaki, jino lilikuwa linamuuma. Alikuwa amelala kwenye godoro ndani ya saloni, chumba cha kukaa na kulia.

Niliweka sufuria juu ya mbabula mbili, yale majiko ya bati ya makala, makaa ya miti, nikaziacha barazani ili chakula kibaki moto. Saa kumi upepo wa ziwa ulianza. Majivu yakaingia kwenye mchuzi. Jikoni ya inje ni ya majani, niliogopa kuacha moto humo bila mulinzi. Basi nikaingiza mbabula zote mbili ndani ya saloni. Nikafunga madirisha. Mulango wa upande wa ziwa una nafasi chini, upepo ulikuwa unapita hapo, nikaziba kwa gunia.

Hakuna aliyenituma. Ni mikono yangu.

Nilisonga bukari, nikaifunga kwenye kikapu. Karibu saa kumi na moja nilipita kumuaga muzee. Akasema, "Mwana, kichwa kinanigonga." Nikampa maji. Nikasema ni jino, baba, lala kidogo. Hakuwa amekula kitu tangu asubuhi. Neno lile la kichwa sijamwambia mutu mpaka leo.

Nikaenda kanisani Kashikishi kwa mazoezi ya kwaya. Tulikuwa tunaimba na mimi sisikii wimbo, nasikia kichwa kinanigonga, kichwa kinanigonga. Nikakumbuka kwamba kwetu, wakati wa baridi, mama hakuturuhusu kulala na mbabula ndani. Nilijua tangu mutoto. Sijui ni kwa nini siku ile sikujua. Niliondoka kabla ya sala ya mwisho, nikatembea, kisha nikakimbia.

Nilifika saa moja na nusu jioni. Mwalimu Rodwell, mume wa Bana Chabu, alikuwa kwenye ngazi za inje na redio yake, sababu ndani haishiki vizuri. Sahani yake ilikuwa tupu. Akasema, "Léonie, umesahau nini? Mchuzi wako nimeurudia mara mbili."

Nikamuuliza, "Wengine wako wapi?"

"Ndani. Walikuwa wanacheka sana. Sasa wamenyamaza, labda wameshiba."

Nilisukuma mulango. Taa ilikuwa inawaka. Bana Chabu alikuwa amepiga magoti, anatapika. Mwalimu mumoja alikuwa ameweka kichwa juu ya meza karibu na bukari. Wengine wameegemea ukuta, macho wazi lakini hawanijibu. Muzee alikuwa vile vile kwenye godoro. Nikapiga kelele, nikang'oa gunia, nikafungua madirisha. Mimi na mwalimu Rodwell tukawavuta inje mmoja mmoja. Kwenye upepo wale watano walianza kusema. Muzee hakusema. Alikuwa anapumua kidogo sana.

Majirani walikuja. Lori la samaki likawabeba mpaka hospitali. Mbele ya watu wengi mutu mumoja akauliza, "Wamekula nini?" Mwingine akajibu, "Samaki wa Wakongomani." Mimi nilikuwa hapo, nimeshika kichwa cha muzee. Sikuwaambia habari ya mbabula.

Jumapili asubuhi vijana walimpiga Zéphirin bandarini, wakamwaga vikapu vyake ziwani, kisha polisi wakamleta hapa kituoni. Nilisikia habari hiyo mulangoni mwa kanisa. Niliingia, nikaimba. Nyumbani shangazi, tantine Colette, akaniambia, "Funga kinywa, Léonie. Karatasi yako ya kuvuka imekwisha tangu mwezi wa sita. Zéphirin ni ndugu yako?"

Nikasema hapana.

"Basi."

Sikulala. Ninaomba iandikwe hivi: mwalimu Rodwell alikula samaki kuliko wote, akiwa inje, na ni muzima. Mimi nilikula, niko muzima. Muzee Kasonde hakugusa hata mwiba, na ndiye aliyeumia zaidi, sababu alivuta hewa ya makala yale tangu saa kumi. Samaki hawana kosa. Zéphirin hana kosa. Mbabula niliziingiza mimi, madirisha nilifunga mimi, gunia niliweka mimi. Nilitaka chakula kisipoe.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, nimeyasikia, ni maneno yangu, na sikulazimishwa na mutu.

(Sahihi) Léonie Mwewa Kalumba

Maandishi ya askari: Nimeyaandika maelezo haya mimi, Konstebo P. Mukuka, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Aliomba maneno "hakuna aliyenituma" yasiondolewe. Mwalimu Rodwell, aliyehojiwa baada yake, amekubali kwamba alikula inje, na kwamba alipoingia kuwavuta wenzake naye alisikia kizunguzungu. Zéphirin ameachiliwa saa tano na dakika ishirini. Shahidi hakushikwa, jalada limepelekwa kwa mukubwa wa kituo, naye arudi Alhamisi saa mbili. Habari ya hospitali ilinifikia kabla sijaanza kuandika: muzee Kasonde ameamka leo alfajiri na ameomba uji. Sikumwambia shahidi mpaka alipokwisha kutia sahihi. Alikaa kwenye benchi la inje, akaniuliza kama uji umekwisha kupatikana.