Billy, Nashon na Sindano

Fatna, uko? Nashon ni bure kabisa. Ndio nimetoka wodi ya watoto.

Unajua vile huyo shemeji yangu hutisha mtoto wake Billy kila jioni hapo Lindi. "Maliza ugali ama nimwite daktari akudunge."

Sasa mtoto amehara mpaka macho yameingia ndani. Nesi akaambia Nashon ampakate, amtulize, awekewe drip ya maji.

Billy kuona sindano akaanza kuomba msamaha. Ati msamaha. "Baba, nitamaliza yote, haki."

Nesi akashangaa. "Baba, mwambie hajakosea kitu."

Nashon, na ule mdomo wake wote, akamshika tu Billy mkono.

Drip ikaingia. Billy akapanguza machozi, akamwambia nesi polepole, "Sasa dunga baba. Jana pia yeye aliacha ugali."