Sauti Kwenye Filamu ya Kuku

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na watoto wote. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku miili ni mizima. Moyo wangu ndio wenye homa, na daktari wake ni wewe.

Shemeji yako hataki tena kula kuku wangu. Mimi ninayelisha nusu ya mtaa kwa kibanda cha kuku wa kukaanga, mume wangu mwenyewe ananisukumia sahani! Yote yalianza na filamu kwenye simu yake. Inaonyesha kuku wa viwandani walivyobanana, wananenepeshwa upesi hadi miguu inashindwa kuwabeba, na mwanamke anasimulia kwamba mnunuzi ndiye mwenye uamuzi. Niliicheka. Nikamwambia tumbo halina macho. Lakini akaitazama tena na tena, dada, mara nyingine amefumba macho. Mtu gani anatazama filamu amefumba macho?

Siku moja nikamnyang'anya simu, nikasubiri majina ya mwisho yapite. Msimulizi ni yule mchumba wake wa zamani, aliyemwacha akaenda masomoni. Nilipomuuliza hakubabaika. Akasema, "Ndiyo, ni yeye. Hukuuliza." Nikataka kujua anawahurumia kuku au anaitamani sauti. Akasema sauti aliizoea tu, ila kuku ndio wanaomtesa. Hilo "aliizoea" lilinichoma kuliko mafuta ya karai. Kutwa nzima nilikaanga kwa hasira, hadi wateja wakanung'unika chumvi imezidi.

Sasa nikwambie asilolijua yeye. Mwisho wa filamu pana namba ya simu ya huyo msimulizi. Niliipiga nimtukane, matusi nilishayapanga kama nyama kwenye mshikaki. Akaitika kwa upole, nami nikajisikia nikisema mimi ni muuza kuku, naomba anielekeze kwa wafugaji wanaofuga vizuri. Akanielekeza kwa mzee mmoja ambaye kuku wake wanazurura uani, akaniita dada, akaniombea biashara njema. Nilipokata simu nililia. Heri angekuwa na maringo, ningepata pa kumshikia.

Siku hizi nanunua kwa mzee huyo. Bei iko juu na mapaja ni madogo. Wateja wengine wamenikimbia, waliobaki wanalamba vidole. Jana nilimwambia shemeji yako kuku hawa ni wa kufugwa uani, akala, akaongeza, akajifuta mdomo na kuniambia, "Umeona sasa, mke wangu? Yule alikuwa anasema kweli."

Dada, kuku nimemtafuta mimi, nimemkaanga mimi, sifa kapewa yule! Nikaenda jikoni nikasimama nikiangalia ukuta.

Nibusie watoto. Ukijibu, usinipe mawaidha, nayajua yote. Chukua tu upande wangu, hata kama sina haki.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Kuku