Maziwa ya Lozi na Figo ya Mwanao

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia na kuku wa jirani wameacha kufukua bustani yako. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakuamkia, na mjukuu wako ameng'oka jino la mbele, sasa anapiga mluzi kutwa nzima mpaka tunakoma. Mimi nami ni mzima, kiasi. Hiyo "kiasi" ndiyo iliyonishikisha kalamu, maana kwenye simu najijua, ningekuzungusha weee mpaka salio liishe.

Kazini mambo safi. Kiwanda kimefunga tanuri jipya, linaoka trei ishirini za mikate kwa mpigo, na bosi siku hizi hagusi kitu bila kuniuliza. Usicheke, mama, ni kweli. Ila joto la kazi hii, tangu enzi za tanuri la zamani, si mchezo. Natoka jasho tangu alfajiri, maji nayasahau, na daktari anasema hapo ndipo nilipoanza kujitafutia mawe ya figo.

Lile jiwe la mwaka jana unalijua. Ulilia kuliko mimi niliyelitoa! Na kwa kuwa maziwa ya ng'ombe yananivuruga tumbo tangu utotoni, ukaamua kunitengenezea ya lozi. Ukaloweka, ukamenya moja moja, ukasaga, ukachuja kwa kitambaa, ukawa unampa dereva wa basi chupa tatu kila Jumamosi aniletee. Ulisema kitu cheupe na laini namna ile hakiwezi kugombana na figo. Nani abishane na wewe?

Basi daktari aliniweka kitako akanieleza. Alisema lozi zina oksaleti nyingi, aina ya chumvi ya kwenye mimea, na hizo zikikutana na kalsiamu kwenye mkojo, vinashikana vinakuwa jiwe. Soya nayo akanitahadharisha. Akasema kwa mtu kama mimi afadhali maziwa ya mchele, yale yaliyoongezwa kalsiamu, niyanywe pamoja na chakula. Nikamuuliza mbona kalsiamu tena, si ndiyo mshirika wa jiwe? Akacheka, akasema ikiingia na chakula inazinasa oksaleti tumboni kabla hazijafika kwenye figo. Akasisitiza nisome pakiti kabla ya kununua, na maji ninywe sana. Siku hizi nasoma pakiti dukani kama niko kwenye mtihani. Muuzaji amenichoka.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Mama, hayo daktari hakuniambia juzi. Aliniambia miezi minane iliyopita. Nikaitikia vizuri, nikarudi nyumbani, nikaendelea kunywa chupa zako zote tatu kila wiki, sikumwaga hata tone. Na wiki jana nilipokuambia nimeteguka mgongo, nilikudanganya. Nilianguka mbele ya tanuri, mikate ikaungua, wenzangu wakanibeba. Ni jiwe la pili, kubwa, halitoki lenyewe. Alhamisi ijayo nafanyiwa operesheni.

Mkweo alipojua alinifokea mpaka nikakosa pa kuangalia. Aliuliza kama nina akili timamu. Ninazo. Lakini baba alipofariki ulijifungia chumbani miezi miwili, sahani zinatoka kama zilivyoingia. Nilipougua ndipo ukafungua mlango, ukaenda sokoni kuninunulia lozi. Ningekuambiaje uache? Niliogopa utarudi kitandani, nami nikupoteze na wewe.

Usijilaumu hata kidogo. Wewe hukujua, mimi nilijua. Figo ni yangu na mdomo ni wangu. Nisamehe kwa kukuficha.

Daktari ana hakika mambo yatakwenda sawa, na mimi sina wasiwasi. Ila hospitali wametoa fomu, wanataka mtu wa kukaa na mgonjwa siku tatu na kusimamia anachokula na anachokunywa. Mkweo alishashika kalamu ajiandike. Nikamwomba anipe, nikaandika jina lako. Njoo Jumatano kwa basi la asubuhi, nitakupokea mwenyewe stendi. Huku utapewa masharti yangu yote na daktari mwenyewe, na ole wangu nikiyavunja mbele yako.

Wasalimie majirani wote, na dada mwambie akusindikize mpaka basini. Nakupenda, mama, na nakuhitaji.

Ni mimi,
Kifungua mimba wako