Simu Zinazojaa Bila Jua

Papa Eliane,

Maharagi iko mu kapu, chini ya majani ya ndizi. Nimeyachemsha kidogo, yatajiivisha yenyewe bila kuni. Usifunue kabla ya saa sita.

Nimemupeleka Eliane kwa dada yangu kule Rugaaga. Kifua kinamubana tena, kama wakati ule tulimukimbiza hospitali Ruharo. Nikajiuliza, moshi imetoka wapi? Jenereta si uliapa mbele ya kanisa nzima kwamba umeiuzisha, sasa unachaji simu za watu kwa sola tu? Wakakupigia makofi.

Wiki hii yote ni mvua, jua haijatoka. Lakini simu zinajaa! Labda sola yetu inakunywa mvua. Na kile kitu kinanguruma jioni nyuma ya nyumba, ukasema ni mashine ya kusaga ya jirani. Jirani gani? Mama Prince wa hapo nyuma anasaga na jiwe.

Asubuhi nimetaka kukaangia mtoto yai. Nikafungua bidon ya mafuta ya kula, ile iliyo nyuma ya unga. Esanse! Petroli ya jenereta! Na moto ilikuwa inawaka, Papa Eliane.

Bidon nimeitoa nje. Usiirudishe ndani. Kuku uzifungulie.

~~Tutarudi kesho.~~ Tutarudi siku kifua cha mtoto kitatulia.

Lakini dimanche, siku ya ibada, nitakuja kanisani, nitakaa benchi ya mbele. Simama utoe ule ushuhuda tena. Safari hii uutoe ukiniangalia miye.

Mama Eliane