Kunyoosha Kona

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya salamu, nikukumbushe sauti moja: cherehani ya Mama ikienda bila kitambaa. Tingatinga lilikuwa limeshafika barazani, watu wanamwita atoke, naye amekaa palepale anakanyaga, sindano inapanda na kushuka ikishona hewa, mpaka wewe ukamwinua kwa kumshika kwapani kama mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sauti ile haijanitoka.

Sasa salamu. Natumaini kazi ya madirisha ya ile shule inakwenda vizuri, na kwamba mwanga wa kuchomelea haukuumizi tena macho. Sisi huku tu wazima. Mama analalamikia ngazi, anasema nimempangia chumba jirani na mawingu, lakini anakula vizuri na anasengenya majirani, kwa hiyo ujue hajambo.

Habari kubwa ni kwamba ile barabara yetu inapanuliwa. Serikali imepata mkopo, mabasi marefu yatapita katikati, na idara imenikabidhi mimi kipande cha kuanzia sokoni. Ndani ya kipande hicho kuna ile kona. Unakumbuka tulivyoambiwa kwamba barabara ilipindishwa kwa sababu udongo wa upande wa pili ni laini? Nimeupima udongo huo, Kaka. Ni mgumu kuliko moyo wangu. Barabara ilipinda kwa sababu upande wa pili kulikuwa na ukuta wa Mheshimiwa, na upande wetu kulikuwa na mjane na cherehani yake.

Chuoni tulifundishwa kwamba miji hutengenezwa na siasa na uchumi. Nilijibu mtihani, nikafaulu, bila kuelewa. Sasa naelewa kwa macho. Kila mahali barabara inapopinda bila mlima wala mto, uliza nani alikuwa anaishi pale. Watu wanaona lami, taa na mitaro, wanauita ustaarabu. Wanaopita kwenye kona yetu wanakanyaga breki tu. Hawajui kwamba wanapunguza mwendo kwa heshima ya mtu mmoja.

Mheshimiwa alikuja ofisini mwezi uliopita. Siku hizi anautaka umeya. Mkubwa wangu, yule tunayemwita Penseli kwa kuwa kila anachoandika anataka kiweze kufutika, aliinuka kwa haraka hadi kiti kikaanguka. Mheshimiwa akaniita binti yangu, akasema msichana kama mimi ningefaa kuendesha benki, si kushinda juani na vigingi. Akasema hana ugomvi na maendeleo, ila barabara ni kama nguo, ikishamkaa mtu vizuri haina haja ya kufumuliwa. Kama nguo! Ananiambia mimi! Nikamuuliza, kwa adabu zote, kama anakumbuka nani alikuwa anaishi pale kwenye kona. Alifikiri kweli, Kaka, akajishika kidevu, halafu akasema hapakuwa na mtu, palikuwa na vibanda tu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitahakikisha nguo yake haibaki na mkunjo hata mmoja. Akacheka, akamwambia Penseli kwamba huyu amelelewa.

Wiki iliyopita mchoro ulipitishwa. Barabara imenyooka. Inapita kwenye ukuta wake, kwenye bustani yake, inakata sebule yenye zile nguzo. Nimeandika sababu: malori yaliyopinduka, wanafunzi waliogongwa, mabasi yasiyoweza kugeuka pale. Zote ni za kweli, na waliotoa mkopo wamezikubali. Huo ukweli wa sababu zangu ndio unaoninogea. Mheshimiwa aliponipigia simu hakuniita tena binti yangu. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamjibu: wa vibandani.

Nakujua, umeshaanza kupiga hesabu. Ndiyo. Karakana yako imeegemea ukuta uleule. Mwaka uliofuata baada ya kubomolewa ulikwenda kumwomba pembe ya kiwanja; hakukuuliza umetoka wapi, nawe hukumwambia. Ukamchomelea lango lenye simba wawili. Nilipokasirika ukasema maisha lazima yaende, na kwamba mimi nisome, hayo mengine nikuachie wewe. Nikasoma. Kila daftari langu lilitoka kwenye cheche zako.

Sasa sikiliza, Kaka, maana hili sitaki ulisikie kwa mwingine. Kulikuwa na mchoro wa pili. Ungepita nyuma, kwenye maghala ya zamani ambako haishi hata paka. Ungekunusuru wewe, na yeye ungemnusuru pia. Niliuchora kwa mkono wangu, nikautazama jioni nzima, nikauchana. Penseli hakuuona. Hakuna aliyenituma.

Nimemweleza Mama. Kwa habari ya ukuta alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Kisha akauliza habari ya karakana, nikamjibu. Akavuta cherehani, akakaa akinipa mgongo, akaanza kukanyaga. Hakuwa ameweka kitambaa.

Nilidhani nitasita. Leo asubuhi nilichukua kopo la rangi nyekundu nikaenda kuweka alama za kubomolewa. Ni kazi ya vibarua, lakini niliitaka. Kwenye lango la Mheshimiwa mistari miwili imewafunika simba wote wawili. Ila sikuanza na lango lake. Nilianza na mlango wako, asije mtu akasema kwamba nami nilipinda kwa ajili ya wangu.

Mitungi na mashine zako nimeshazitoa, zimejaa chumbani hadi napita upandeupande. Wasalimie mafundi wenzako. Salamu za Mama nimeziomba, hajanipa. Pokea zangu peke yake, kama utazipokea.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwita Rula.